Kanyaga Hewa: Jinsi Injini ya Kasi Inavyolishwa

Dereva anayetaka kuongeza mwendo huambiwa na abiria wake "kanyaga mafuta", na msemo huo umezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuhoji. Katika gari la petroli, hata hivyo, mguu haufungui mafuta. Unafungua kilango kidogo cha duara kilichomo ndani ya njia ya hewa, na petroli hufuata baadaye kwa kipimo kinachotegemea hewa iliyokwisha kuingia. Dizeli ina utaratibu wake, kwa kuwa kule pedali huamuru mafuta kwelikweli, lakini makala haya yanahusu injini za petroli zinazojengwa kwa ajili ya kasi, na kwazo suala gumu la uhandisi ni hewa. Petroli nayo ina ugumu wake, ila ugumu huo ni wa kuifanya iifuate hewa bila kuchelewa, bila kuzidi na bila kupungua.

Sababu iko katika kemia ya mwako. Ili kilo moja ya petroli iungue yote pasipo kubakiza oksijeni, inahitaji kilo 14.7 za hewa. Uwiano huo unaonekana wa kawaida mpaka mtu anapoubadilisha kutoka uzito kwenda ujazo. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo inadai takribani kilo 11 za hewa, na hewa ya usawa wa bahari ina uzito wa gramu 1.2 tu kwa lita. Maana yake ni kwamba lita moja ya petroli huungua pamoja na zaidi ya lita 9,000 za hewa. Pampu yenye ukubwa wa ngumi inatosha kupeleka petroli ya injini yenye nguvu kubwa, ilhali kuipatia injini hiyo hiyo hewa yake ni kazi inayoamua umbo la mabomba, valvu, kemshafti (shafti inayofungua valvu) na karibu kila kitu kilichoko juu ya bloku.

Tuchukue injini moja tukae nayo: 3S-GTE ya Toyota, yenye lita 2 na silinda nne, iliyokuwa ndani ya Celica GT-Four, gari lililoshinda Safari Rally mikononi mwa Carlos Sainz mwaka 1992, Juha Kankkunen mwaka 1993 na Mkenya Ian Duncan mwaka 1994. Tusahau kwanza kwamba ina turbo, kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo hii huvuta lita 1 kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inavuta lita 100 kwa sekunde, sawa na gramu 120 za hewa iwapo silinda zitajaa barabara. Kwa nguvu nyingi zaidi wahandisi hawatumii uwiano wa 14.7 bali mchanganyiko mzito kidogo, yaani wenye petroli nyingi zaidi, karibu 12.5 kwa 1, ili oksijeni yote ipate petroli ya kuungana nayo. Hapo tunahitaji gramu 9.6 za petroli kwa sekunde, na kwa kuwa kila gramu hubeba kilojuli 43 hivi, joto linalozalishwa ni kilowati 413. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwa moshi, hupitia kwenye rejeta au humezwa na msuguano. Tukikadiria kwamba asilimia 28 hufika kwenye krankishafti, tunapata kilowati 115, yaani nguvu farasi 155.

Hesabu hii fupi inaeleza kosa ninaloliona likirudiwa mara nyingi kuliko mengine yote katika magari yaliyoongezwa nguvu. Mwenye gari hununua nozeli kubwa za kunyunyizia petroli na pampu kubwa, akitarajia kwamba mafuta mengi yataleta nguvu nyingi, ilhali hewa imebaki gramu 120. Petroli ya ziada haina oksijeni ya kuungana nayo. Inatoka ikiwa moshi mweusi, inazitia plagi masizi, na nyingine huosha oili kwenye kuta za silinda hadi ringi zikaanza kukwaruza chuma kikavu. Swali la kwanza kwa fundi wa injini ya kasi linapaswa kuwa hili: hewa ya ziada itatoka wapi?

Inaweza kutoka kwenye injini yenye ujazo mkubwa zaidi au inayozunguka haraka zaidi, na njia hizo mbili zinajieleza zenyewe. Iliyo na mambo mengi ni ile ya kuingiza hewa nzito zaidi ndani ya ujazo uleule, na inaweza kuanza hata bila turbo.

Hewa ndani ya bomba la kuingilia haitiririki kama maji ya mfereji. Valvu inapofunguka na pistoni kushuka, presha hupungua ghafla mbele ya valvu, na upungufu huo husafiri kama wimbi kuelekea mdomo wa bomba kwa mwendo wa sauti, takribani mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20 za joto. Ukifika mdomoni, mahali bomba linapofungukia kwenye boksi la hewa, wimbi hugeuka: lililokwenda likiwa la presha ndogo hurudi likiwa la presha kubwa. Likifika kwenye valvu wakati inakaribia kufunga, hupenyeza hewa ya mwisho ndani ya silinda iliyokuwa imekwisha kujaa. Kwa bomba la sentimita 40, safari ya kwenda na kurudi huchukua milisekunde 2.3, yaani sehemu 2.3 kati ya elfu moja za sekunde. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu hukaa wazi kwa karibu milisekunde 6.7, na ikishuka hadi mara 3,000 muda huo huwa maradufu, kwa hiyo wimbi lilelile hufika mapema mno na faida yake hupotea. Ndiyo sababu mabomba marefu huipa injini nguvu kwenye mizunguko ya chini na mafupi kwenye mizunguko ya juu, na ndiyo sababu injini iliyopangwa vyema inaweza kujaza silinda zake kupita asilimia 100 bila kifaa chochote cha kusukuma hewa.

Mazda walilichukua jambo hili hadi mwisho wake katika 787B, gari lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991. Injini yake ya rota nne, vipande vya pembetatu vinavyozunguka, haikuwa na pistoni wala valvu, lakini mawimbi ya hewa hayajali hilo. Mabomba yake ya kuingizia hewa yalirefuka na kufupika yenyewe kadiri injini ilivyoongeza au kupunguza mizunguko, ili wimbi lifike kwa wakati wake katika kila mwendo. Kwangu mimi huo ni mmoja wa ufumbuzi mzuri zaidi uliowahi kufungwa kwenye injini ya mashindano.

Turbo haisubiri mawimbi. Moshi unaotoka kwenye silinda una joto na presha ambavyo vingepotea hewani, na gurudumu lililowekwa kwenye njia yake huzunguka na kuendesha gurudumu jingine upande wa pili wa shafti, ambalo huisukuma hewa safi kuingia kwenye injini. Presha ya kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, ikifikia mara mbili ya ile ya nje, tungetarajia gramu 120 ziwe 240. Haziwi, kwa sababu hewa inayogandamizwa hupata joto, na hewa yenye joto hutanuka. Tukianza na hewa ya nyuzi 25, gurudumu lenye ufanisi wa asilimia 72 litaitoa ikiwa na nyuzi 115 hivi. Hapo ndipo intakula, ile rejeta ya kupoozea hewa inayokaa mbele ya gari au juu ya injini, inapothibitisha thamani yake: ikiishusha hewa hiyo hadi nyuzi 40, kila lita inakuwa nzito zaidi kwa karibu asilimia 24. Kwa hesabu hiyo, injini yetu inapokea takribani gramu 228 kwa sekunde.

Faida ya upoozaji haiishii kwenye uzito wa hewa. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukipashwa joto na kubanwa kupita kiasi, sehemu yake iliyo mbali na plagi huwaka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na mlipuko huo wa ghafla ndio mafundi wanaousikia wanaposema injini inagonga. Injini ya kawaida inaweza kuvumilia kugonga kidogo kwa muda. Injini yenye turbo inayofanya kazi ukingoni inaweza kuvunja kuta za pistoni zilizo kati ya ringi, au kutoboa pistoni yenyewe, katika muda mfupi sana. Kinga ziko kadhaa na zote hufanya kazi kwa pamoja: petroli yenye okteni kubwa (inayostahimili kugonga), cheche inayocheleweshwa kidogo, hewa iliyopozwa, na mchanganyiko uliofanywa mzito zaidi, kati ya 11.5 na 12 kwa 1, kwa sababu petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto kutoka kwenye hewa inayoizunguka. Ethanoli hufyonza joto zaidi ya maradufu kuliko petroli na haigongi upesi, ndiyo maana wengi hupenda mafuta ya E85, yenye ethanoli hadi asilimia 85, pale yanapopatikana. Lakini uwiano wake ni karibu 9.8 kwa 1, kwa hiyo injini inadai mafuta mara moja na nusu kwa uzito, na mfumo wa petroli uliokuwa ukitosha jana hautoshi tena.

Afrika Mashariki ina somo lake katika habari hii, nalo ni mwinuko. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi magari yaliteremka hadi joto la pwani na kupanda nyanda za juu zinazozidi mita 2,000. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni takribani kilopaskali 82 badala ya 101 za Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya hewa yake, na nguvu yake hupungua kwa kadiri hiyohiyo, hata fundi awe hodari namna gani.

Enzi za kabureta kulikuwa na tatizo la pili juu ya hilo. Kabureta hupima hewa kwa koo jembamba: hewa inapopita kooni huongeza mwendo na presha yake hushuka, na upungufu huo wa presha huivuta petroli kupitia tundu dogo la jeti. Kwa vile mvuto huo hutegemea mwendo na uzito wa hewa kwa pamoja, petroli haipungui kwa kiwango kilekile hewa inapokuwa nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa ikapandishwa hadi Nairobi hutoa mchanganyiko uliozidi uzito kwa karibu asilimia 10, na aliyetaka nguvu kamili huko juu alihitaji jeti ndogo zaidi. Shekhar Mehta alishinda Safari mara tano kati ya 1973 na 1982 akiendesha magari ya Datsun yasiyo na turbo, na nadhani wanaotaja ushindi ule hawatilii maanani vya kutosha kwamba injini yake ilikuwa ikibadilishiwa hewa ya kuvuta kila barabara ilipopanda au kushuka.

Vumbi na maji viliongeza mtihani mwingine. Magari ya Safari yalifungwa bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi usawa wa paa, na watazamaji wengi waliliona kama pambo la safari za porini, lakini lilikuwa sehemu ya mfumo wa hewa kama ilivyo turbo. Maji hayagandamiziki. Silinda ikiyameza, pistoni inayopanda hukutana na kitu kisichokubali kupungua ujazo, na fimbo ya pistoni ndiyo inayopinda.

Nozeli zinazoendeshwa na kompyuta zimeondoa kazi ya kubadilisha jeti, kwa sababu kompyuta haikisii uzito wa hewa kutokana na mvuto bali huukokotoa. Vihisi huipa presha ya manifoldi, joto la hewa na mizunguko ya injini, nayo ina jedwali linaloonyesha silinda hujaa kwa asilimia ngapi katika kila hali. Kutokana na hayo hupata gramu za hewa, huzigawanya kwa uwiano unaotakiwa, kisha huamua nozeli ikae wazi kwa muda gani. Muda huo ni mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, duru nzima ya mipigo minne humalizika kwa milisekunde 17, na nozeli yenyewe hutumia karibu milisekunde moja kuitikia amri kabla haijaanza kupitisha petroli ipasavyo. Kwa hiyo wahandisi hawaruhusu nozeli ikae wazi kwa zaidi ya asilimia 80 au 85 ya duru, maana ikikaribia kuwa wazi muda wote hupoteza uwezo wa kupima.

Tuipangie sasa 3S-GTE yetu. Tukizishusha kidogo zile gramu 228 za hewa ziwe 220, kwa uwiano wa 12 kwa 1, inahitaji gramu 18 hivi za petroli kwa sekunde, ambazo ni karibu sentimita za ujazo 1,470 kwa dakika. Tukizigawa kwa silinda nne na kuacha nafasi ya asilimia 20, kila nozeli iwe na uwezo wa karibu sentimita za ujazo 460 kwa dakika. Nozeli ya 1,000 ingefanya kazi pia, lakini gari linapokuwa katika mzunguko wa chini ingelazimika kufunguka kwa muda mfupi mno, na vipimo vyake vingeyumba. Ukubwa unaofaa hupatikana kwa hesabu, na tamaa ya akiba kubwa ina gharama yake.

Kuna jambo ambalo jedwali peke yake haliwezi kulishika. Nozeli nyingi hunyunyiza petroli kwenye njia iliyo nyuma ya valvu, na sehemu ya petroli hiyo hunata kwenye kuta kabla ya kuingia silindani. Dereva akifungua hewa ghafla, presha hupanda, petroli inayonata huongezeka, na kwa mapigo machache silinda hupata chini ya kilichotolewa, injini husita. Akiachia mguu, petroli iliyonata hukauka na kuingia bila kuitwa. Kabureta zilitibu hali hii kwa pampu ndogo iliyorusha petroli ya ziada kila pedali ilipokanyagwa, na kompyuta huitibu kwa kukadiria kiasi kilichonata. Sehemu hii ya urekebishaji ndiyo inayotofautisha injini inayotii mguu na ile inayotoa tu nambari kubwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, na inahitaji saa nyingi za subira.

Upande wa tangi, hatari kubwa ni petroli kukosekana kwa muda wa kupepesa jicho. Gari likikata kona kwa nguvu, petroli hukimbilia upande mmoja na pampu humeza hewa. Katika injini ya kawaida dereva angehisi kusita kidogo, lakini chini ya presha ya turbo mapigo machache yenye mchanganyiko mwepesi yanaweza kuyeyusha pistoni. Kwa hiyo magari ya mashindano huwa na kopo dogo la akiba kati ya tangi na injini, linalojazwa daima na pampu ya kwanza ili pampu ya pili ivute petroli tupu. Presha ya petroli nayo lazima ipande sambamba na ya turbo, vinginevyo hewa iliyosongamana kwenye manifoldi huizuia nozeli kutoa kipimo chake, na pampu nyingi hupeleka kidogo zaidi kadiri presha inavyopanda.

Kwamba hewa ndiyo inayoamua nguvu, waandaaji wa mashindano walilijua vizuri. Mwaka 1995 magari ya juu ya rali yalilazimishwa kuvuta hewa yote ya turbo kupitia pete yenye tundu la milimita 34. Tundu hilo linabana kwa namna ya pekee: hewa inayopita ikifikia mwendo wa sauti, kuvuta zaidi hakusaidii, kwa kuwa taarifa ya mvuto yenyewe husafiri kwa mwendo wa sauti na haiwezi tena kupanda kinyume cha mkondo. Kwa tundu la milimita 34 katika usawa wa bahari, ukomo ni karibu gramu 217 kwa sekunde, na kutokana nazo hupatikana nguvu farasi 300 hivi, ambazo ndizo zilizotajwa kwa magari yale. Hapa Nairobi ukomo huo hushuka hadi gramu 178, na turbo haiwezi kuurudisha, kwa sababu kizuizi kiko mbele yake. Wahandisi wakaona kwamba kuongeza mizunguko hakuna faida tena. Wakajenga injini zinazotoa nguvu kubwa ya kuzungusha mapema, kabla tundu halijabana.

Toyota Team Europe, timu ya rali ya Toyota, walikwenda mbali zaidi ya hapo. Katika rali ya Catalunya, Uhispania, ya mwaka huo, wakaguzi wa FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, waligundua kwamba pete ya Celica ilikuwa imewekewa springi zilizofichwa. Mpira wa hewa ulipokazwa mahali pake, pete ilisogea milimita 5 hivi na kuacha mwanya ambao hewa ilipita bila kupitia tunduni. Mpira ulipofunguliwa kwa ukaguzi, springi ziliirudisha pete na mwanya ukatoweka, kila kitu kikaonekana halali. Timu ilinyang'anywa pointi za msimu na kufungiwa miezi 12. Udanganyifu ni udanganyifu na adhabu ilistahili, lakini inafundisha kitu kwamba watu waliokuwa na petroli, kompyuta na turbo za kila aina walihatarisha jina lao kwa ajili ya mwanya wa hewa.

Formula 1 iligeuza mambo mwaka 2014. Kanuni zake hazikuubana mlango wa hewa bali mkondo wa petroli, usizidi kilo 100 kwa saa, na mara moja mantiki yote ya uhandisi ikabadilika. Pale petroli inapokuwa ndiyo haba, mchanganyiko mzito ni hasara, kwa hiyo injini zikapewa hewa nyingi kuliko mahitaji ya petroli, zikajengwa ili ziwashe mchanganyiko mwepesi ambao zamani ungekataa kuwaka, na mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba mfumo wao ulikuwa umevuka ufanisi wa asilimia 50 kwenye kipimo cha karakana. Kanuni za msimu wa 2026 hazihesabu tena kilo. Zinahesabu nishati iliyomo ndani ya mafuta, megajuli 3,000 kwa saa.